Malindi au Shela? Pa kwenda na ubao msimu wa kusi

Ukiona picha ya ufuo wa Kenya wenye maji ya samawati yasiyo na hata povu, jua hapo si pa kupeleka ubao wa kuteleza juu ya mawimbi. Maji yametulia hivyo kwa sababu mbele yake kuna mwamba. Sehemu kubwa ya pwani yetu imezungukwa na mwamba wa matumbawe, nusu kilomita hadi kilomita mbili kutoka mchangani, na wimbi litokalo bahari kuu hupiga pale na kuishia pale. Kinachovuka ni maji ya kuogea watoto. Ndiyo maana Diani, Nyali na Watamu zinapendwa na familia, na ndiyo maana mwenye ubao anaweza kumaliza likizo yake huko akiota jua tu.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya chumba, uliza mwamba umekatika wapi. Kwa pwani ya kaskazini, na kwa mtu wa kawaida asiye na boti ya kumpeleka nje ya mwamba, majibu yanayofaa ni mawili: Ghuba ya Malindi, na ufuo mrefu wa Shela kisiwani Lamu. Mengine nitayagusia tu.

Malindi inaushukuru Mto Sabaki. Huko bara mto huu unaitwa Athi, ukipita Tsavo unaitwa Galana, na ukifika kwetu, kilomita chache kaskazini ya mji, unamwaga baharini tope lote uliloliokota njiani. Tumbawe linataka mwanga, na kwenye maji ya tope halistawi. Kusini ya mji, ambako tope haliwi jingi, matumbawe yapo na yanalindwa: Hifadhi ya Bahari ya Malindi ipo tangu 1968. Ukivuka mnara wa Vasco da Gama kuelekea kaskazini, mwamba unaisha. Kinachobaki ni ghuba pana yenye mchanga chini, mteremko wa taratibu, na mawimbi yanayoingia hadi ufuoni bila kuzuiwa na kitu.

Lakini mto huohuo ndio unaoharibu likizo ya anayekuja mwezi usiofaa. Kuanzia Desemba hadi Machi inavuma kaskazi. Mkondo wa karibu na ufuo unasukuma kuelekea kusini, mwanzoni mwa kipindi mto umejaa maji ya mvua za vuli, na tope lake lote linaletwa mlangoni mwa mji. Maji yanakuwa ya kahawia, mawimbi ni madogo, mara nyingi hayafiki kiunoni, na upepo wenyewe unaingia moja kwa moja ghubani na kuyakatakata. Hicho ndicho kipindi ambacho hoteli zimejaa na bei ziko juu. Anayekuja Krismasi kwa ajili ya mawimbi analipa zaidi ili apate kidogo.

Ikianza kusi, mambo yanageuka. Upepo unatoka kusini na kusini-mashariki, bahari nzima inasukumwa kuelekea kwetu, na tope la Sabaki linapelekwa upande wa Mambrui na Ngomeni. Ghuba inasafika na wimbi linakua. Kusi huanza Aprili na kudumu hadi Septemba, wakati mwingine inaingia Oktoba. Aprili na Mei zina mawimbi ya kutosha, ila ni masika: mvua inanyesha, mto umefurika, na hoteli nyingi hufunga milango kwa ukarabati. Juni upepo ni mkali kiasi cha kuchosha. Julai, Agosti na Septemba ndiyo miezi ya kuweka kwenye kalenda. Mvua zimepungua, kusi bado ina nguvu, maji yana joto la nyuzi 25 hivi, na vyumba vinapatikana kwa urahisi kuliko Krismasi. Oktoba na mwanzo wa Novemba, kwenye maleleji, yaani kipindi cha kati ya kusi na kaskazi, upepo unalegea na wimbi linakuwa dogo lakini laini. Aliyekwisha kujua kuteleza ataona ni kidogo. Anayejifunza kusimama hatapata wakati bora zaidi.

Tusidanganyane pia kuhusu ukubwa. Pwani yetu haipati mawimbi makubwa yanayotoka mbali kwenye bahari ya kusini kama Indonesia, kwa kuwa Madagaska imekaa njiani na kuyazuia mengi. Tunachopata hasa ni mawimbi yaliyotengenezwa na kusi yenyewe, na mawimbi ya namna hiyo hufuatana karibukaribu, sekunde saba hadi tisa kati ya moja na jingine. Siku ya kawaida ya Agosti yanafika kiunoni hadi kifuani, na siku nzuri yanapita kichwa. Kwa anayeanza na kwa wa kati, hayo ni mengi.

Sasa saa ya kuingia majini, na hapa ndipo wageni wengi wanapokosea, kwa sababu wanaangalia ukubwa wa wimbi kwenye simu na kusahau maji yenyewe yanapanda na kushuka.

Wakati wa bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida, maji ya kujaa na maji ya kupwa hupishana kwa mita tatu hivi. Wakati wa maji mafu, siku ambazo bahari hupanda na kushuka kidogo tu, tofauti ni mita moja na kidogo. Kwenye ufuo wenye mteremko mdogo, mita tatu za kupanda na kushuka zinahamisha mahali wimbi linapovunjikia kwa umbali mkubwa. Maji yakipwa kabisa, utatembea mchanga mbichi mpaka uchoke, na mawimbi yatavunjika kwa mkupuo, mstari mzima unaanguka kwa pamoja bila kukuachia bega, yaani upande wa wimbi ambao haujavunjika, la kuteremkia. Maji yakijaa kabisa, wimbi linafika sehemu ya juu ya ufuo yenye mteremko mkali na kupiga mchangani kwa kishindo; hapo ndipo shingo zinapoumia na mbao zinapovunjika. Unachotaka ni maji ya katikati, hasa yakiwa yanajaa.

Pili ni upepo. Kusi hulala usiku. Alfajiri, nchi kavu ikiwa imepoa, kuna umande: ule upepo mwembamba unaotoka bara kwenda baharini, unaolainisha uso wa maji na kulisimamisha wimbi. Kufikia saa tatu au saa nne kusi imeamka, na saa sita bahari yote ni povu. Kwa hiyo dirisha lako ni kuanzia kunapopambazuka hadi saa mbili na nusu hivi.

Unganisha hayo mawili na mwezi wa angani. Kwenye pwani yetu, siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu na siku mbili zinazofuata, maji hujaa mnamo saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa karibu saa nne. Maana yake ni kwamba dirisha lako la asubuhi linaangukia maji yanayopwa kwa kasi, na maji ya katikati yanayojaa yanakuja saa saba mchana, upepo ukiwa umechachamaa. Siku za maji mafu ni kinyume: maji hujaa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, kwa hiyo saa kumi na mbili na nusu yanajaa polepole, upepo umelala, na kwa kuwa tofauti ni ndogo wimbi linavunjika mahali palepale kwa muda mrefu. Ukiweza kupanga likizo ya siku tano tu, iweke hapo. Si lazima utafute programu yoyote. Kalenda ya Kiislamu inatosha. Maji mafu yanaangukia karibu na tarehe 8 hadi 10 na 22 hadi 24 za mwezi, bamvua tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17. Kila siku inayofuata, maji huchelewa kwa dakika 50 hivi. Ukitaka saa kamili, Mamlaka ya Bandari ya Kenya hutoa jedwali la kila mwaka, na mvuvi yeyote atakujibu ukimwamkia vizuri: “Shikamoo mzee, maji leo yanajaa saa ngapi?”

Ndani ya ghuba ya Malindi napo kuna kuchagua. Kona ya kusini, karibu na gati, imekingwa na ras: wimbi ni dogo, upepo hafifu, lakini mashua zimetia nanga na kamba zake hazionekani ukiwa umelala juu ya ubao. Kadiri unavyokwenda kaskazini ndivyo kinga inavyopungua na wimbi linavyokua. Mwenye kuanza atafute mahali ambapo mashua zimeisha lakini ras bado inakata upepo. Mwenye kujua asogee mbele zaidi, bila kuuendea mdomo wa Sabaki. Pale mtoni kuna viboko na mamba, na maji ya tope hayakuonyeshi chochote. Kumbuka pia kwamba kusi inakusukuma kaskazini muda wote uliomo majini, yaani kuelekea hukohuko mtoni. Weka alama nchi kavu, mnazi fulani au paa fulani, na ukiona limekupita toka nje, tembea kurudi, uingie tena. Kupiga makasia ya mikono kupingana na mkondo huo ni kupoteza nguvu ambazo utazihitaji kwa wimbi.

Kabla ya kulowana, simama juu ya ufuo dakika ishirini uangalie. Mawimbi makubwa huja kwa makundi, halafu kunatulia, na ukiingia wakati wa utulivu ukadhani bahari yote ndivyo ilivyo utapigwa na kundi linalofuata. Tazama povu linapoanzia na linapokosekana. Ule mfereji usio na povu katikati ya povu mbili, wenye maji yaliyochafuka mchanga na uso wa vikunyanzi, unaonekana kama mlango salama. Ni mkondo unaorudisha maji baharini. Mwenye ujuzi huutumia kutoka nje bila kupigana na mawimbi. Asiye na ujuzi akinaswa humo akae juu ya ubao wake, asiuachie, akate kwa upande sambamba na ufuo mpaka afike kwenye povu, kisha povu limrudishe. Usitegemee kuwa kuna mwokoaji anayekutazama.

Shela ni habari nyingine. Ufuo wake una urefu wa kilomita 12 hivi, machuguu ya mchanga nyuma, bahari mbele, na ukishatoka kijijini watu wanaisha. Kijijini penyewe hakuna wimbi kwa sababu Manda, kisiwa cha ng'ambo, imekinga. Inabidi utembee kufuata ufuo kuelekea kusini-magharibi, nusu saa ama zaidi, mpaka Manda isiwe tena mbele yako na bahari iwe wazi. Hapo wimbi ni kubwa kuliko la Malindi siku ileile, na ni gumu zaidi, kwa kuwa ufuo unatazama kusini-mashariki na kusi inakuja usoni bila ras ya kuikata. Asubuhi ya umande ni pazuri mno. Kufikia saa nne ni fujo tupu. Malindi ungekuwa bado na kona ya kujificha.

Hatari ya Shela ni mlango wa bahari kati ya Lamu na Manda. Kusi inakusukuma kaskazini-mashariki, yaani kuelekea kwenye mlango, na maji yakipwa, hasa ya bamvua, yote yaliyojaa huko ndani yanatoka kupitia pale kwa nguvu. Mtu aliyechoka anayesukumwa na upepo hadi mdomoni mwa mlango wakati wa kupwa anaweza kujikuta anapelekwa bahari kuu. Kwa hiyo Shela siku za bamvua, asubuhi, si mahali pa mwanafunzi. Siku za maji mafu panavumilika, mradi muwe wawili. Likitokea la kutokea, hospitali ya King Fahd iko Lamu mjini na utahitaji boti, kwa sababu njia ya kando ya maji kati ya Shela na mji hufunikwa maji yakijaa.

Ukipita kijijini na ubao wako, jifunge kanga au vaa shati. Na usipande machuguu kwa mchezo wa kuteleza mchangani kwa sababu eti siku haina wimbi: maji matamu wanayokunywa watu wa Lamu yanahifadhiwa chini ya mchanga ule.

Anayeangalia utabiri wa mawimbi mtandaoni ataona namba tatu, urefu wa wimbi kwenda juu, sekunde kati ya wimbi na wimbi, na upepo, na wengi husoma ya kwanza tu. Nguvu ya wimbi inapanda kwa urefu wake ukizidishwa kwa wenyewe, kisha ukizidishwa na sekunde. Chukua siku mbili: moja mita 1.5 kwa sekunde 6, nyingine mita 1.2 kwa sekunde 10. Ya kwanza inatoa 13.5, ya pili 14.4. Ile iliyoonekana ndogo ndiyo yenye nguvu, na tena mawimbi yake yameachana, unapata nafasi ya kugeuka na kupumua. Ya kwanza ni vurugu la upepo. Kwetu, ukiona sekunde tisa au zaidi pamoja na upepo wa asubuhi usiozidi kilomita 10 kwa saa, weka kengele. Utabiri huo pia hupimwa bahari ya wazi; kona ya kusini ya Malindi utapata nusu yake, Shela utapata karibu wote.

Kuhusu ubao: usidhani kila hoteli inao. Piga simu kabla hujafunga safari, uulize urefu na aina. Mtu wa kilo 70 anayeanza anataka ubao laini wa futi nane wenye ujazo wa lita 70 hadi 80. Ubao mfupi unaopendeza kwenye picha hautamwinua kwenye mawimbi yetu yasiyo na nguvu nyingi. Ukikodi ufuoni, ukague kabla ya kutoa pesa. Bonyeza kwa dole gumba pale miguu inaposimama na kando ya mapezi. Pakibonyea, au maji ya chumvi yakichuruzika kwenye ufa, ubao umeshakunywa maji na utakuwa mzito kila dakika. Tikisa kila pezi. Skrubu zetu huliwa na chumvi, pezi linang'oka kwenye wimbi la tatu, na lawama unabeba wewe. Kamba ya mguu ivute kwa nguvu zako zote na uangalie ule ukanda wa kunata: ukiwa umejaa mchanga hautashika. Uoshe kwa maji baridi, uukung'ute, ujaribu tena.

Nta ya kupaka juu ya ubao ili miguu isiteleze njoo nayo mwenyewe, ile ya maji ya joto. Ya maji baridi inayeyuka hapa na kuwa utelezi. Ubao usiuache juani juu ya mchanga saa sita. Hewa ya ndani inapanuka na ngozi ya ubao inaachana na sponji yake kwa mapovu ambayo hayarudi. Shati la kuogelea la mikono mirefu linatosha, kwa jua na kwa mikwaruzo ya kifua. Nguo nzito za mpira acheni huko huko kwenye baridi. Ukitembea kwenye maji ya magotini, buruta nyayo badala ya kuziinua, maana taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, hulala mchangani na ukimgusa ubavuni ataondoka, ukimkanyaga mgongoni atakuchoma.

Kwa waliokwisha panga Watamu: ndani ya mwamba ni kuogelea, na upepo wa mchana ni wa wale wanaoteleza kwa tiara, kama ilivyo pia kaskazini ya Mambrui. Kuna mawimbi yanayovunjika kwenye milango ya mwamba wenyewe, lakini yanataka boti, nahodha anayejua mlango, maji yaliyojaa na mtu asiyeanguka ovyo, kwa sababu chini ni tumbawe lenye makali. Mkwaruzo wa tumbawe usugue kwa maji safi na sabuni siku ileile hata ukiuma. Ukiuacha, kwenye joto hili kesho kutwa una usaha.

Anayetaka kufika Lamu na ubao wake mwenyewe aulize kwanza shirika la ndege. Ndege nyingi zinazotua Manda ni ndogo, mizigo mara nyingi ni kilo 15 kwenye mabegi laini, na ubao wa futi nane huenda usipite mlango wa mizigo. Basi la kutoka Malindi hadi Mokowe, gati la upande wa bara, linabeba chochote kinachokaa juu. Ng'oa mapezi, uuzungushie mablanketi mawili, na usimamie mwenyewe unapofungwa kamba, kwa sababu turnboy hukaza kana kwamba anafunga magunia ya mahindi. Uliza hali ya barabara siku moja kabla, kuna vizuizi vya polisi njiani na saa za kuondoka hubadilika. Mokowe utapanda boti, na hapo mwambie nahodha mapema kuwa unakwenda Shela, si mjini, ili usibebe ubao huo jua kali kilomita tatu zilizobaki.